Fremu ya nne: kisa cha picha moja ya kuvizia stesheni

Fremu zilikuwa sita, zimepigwa ndani ya sekunde kumi na moja hivi, Alhamisi moja jioni kwenye stesheni ya treni za mjini, Dar es Salaam. Stesheni ipi sitasema. Kwenye fremu ya nne yuko mama wa makamo ameketi juu ya shangazi kaja lake, lile la miraba ya bluu na nyekundu, limejaa hadi zipu inakaribia kusalimu amri. Amevua viatu. Nyayo zake zote mbili zimeelekea kwenye lenzi, na kwa kuwa jua la saa kumi na moja na nusu linaingia kwa ubavu chini ya bati, kila mstari wa nyayo zile unasomeka, pamoja na vumbi na mpasuko mmoja kwenye kisigino cha kulia. Mkononi ana andazi lililong'atwa mara moja. Kanga ameitupia begani. Nyuma yake watu wanagombea mlango wa behewa, wamegeuka moshi mtupu. Mmoja tu ndiye ametulia, kijana wa suti aliyeinamia simu, na viatu vyake vyeusi vimepigwa rangi mpaka vinaakisi mwanga. Mama hamtazami yeye wala kamera. Anatazama lango la kuingilia kama mtu anayemsubiri mwenye deni lake.

Kama picha, ilikuwa kali. Sina sababu ya kujifanya mnyenyekevu: katika miaka sita ya kupiga picha za mtaani, baada ya saa za kazi na siku za Jumamosi, sijapata fremu tano za namna ile. Leo haipo. Njia iliyoipitia mpaka ikaondoka ina mambo ambayo sisi wapiga picha wa mtaani huyaruka tukikutana kwenye kahawa, tukakimbilia kuzungumzia lenzi.

Nianze na lenzi, basi, niimalize. Ilikuwa ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili, tundu la lenzi f/8, umbali wa fokasi nimeufunga kwenye mita 2.5. Ukipanga hivyo, kila kilichopo kati ya mita 1.7 na karibu mita 5 kinatoka shapu bila kamera kutafuta fokasi, kwa hiyo huhitaji kuiinua usoni. Unaishika kiunoni, unaegemea nguzo, unatazama kwingine, unafyatua. Shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, niliiweka kwenye 1/30 ya sekunde: ni taratibu kiasi kwamba anayekimbia anayeyuka, na aliyetulia anabaki. Mlio niliuzima. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwa yule mama, wala hakujua kama nimefyatua mara nne.

Picha za namna hii wengi wetu huziita picha za kuvizia. Neno hilo nalipenda kwa sababu halijifichi. Anayevizia ni paka, ni mwizi, ni mwindaji. Kiswahili kimeshatoa maoni yake kabla hujaanza kujitetea.

Stesheni ni mahali patamu kwa mviziaji. Treni hizi za mjini zilianza Oktoba 2012, na watu wakazibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Mwakyembe, ndani ya wiki chache tu. Tangu mwanzo utamu wake kwa mwenye kamera umekuwa uleule. Daladala inakuja ikiondoka, abiria hapati nafasi ya kutulia. Treni ina saa yake. Ukiikosa hii unaisubiri nyingine, na mtu anayesubiri huacha kuutunza uso wake. Mabega yanashuka, viatu vinavuliwa. Ndicho nilichokuwa nakitafuta jioni ile.

Kwenye fremu ya tano yule mama ana shingo imegeuka nusu. Ya sita ananitazama machoni, ameshakunja miguu ndani ya gauni, na kanga imeshapanda kichwani. Sijui mkono ule ulikwenda saa ngapi.

"We kijana, umenipiga?"

Hakusema picha. Kwa lugha yetu picha inapigwa kama mtu anavyopigwa, na jinsi alivyolitamka, watu watatu waliokuwa karibu waligeuka wakidhani kuna ugomvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Salamu ndiyo unaileta sasa? Njoo hapa."

Nikaenda. Akanionyesha pa kuchuchumaa, pembeni ya mfuko, nikachuchumaa. Akasema, bila kupaza sauti, jambo ambalo sijalisikia kwenye semina yoyote ya upigaji picha: "Umenichukua kwanza, halafu ndiyo unanisalimia. Ungenisalimia kwanza ungepungukiwa nini?"

Jibu la kweli ni kwamba ningepungukiwa na picha. Ningemsalimia, angevaa viatu. Lakini hilo humwambii mtu mzima uliyemchuchumalia, kwa hiyo nikaomba radhi, nikageuza kioo cha kamera nimwonyeshe. Alitazama fremu moja moja, bila haraka, kidole chake kikiwa kwenye kitufe changu. Ya kwanza na ya pili zilikuwa za umati, akazipita. Ya tatu akaipita. Kwenye ya nne akasimama.

"Mbona miguu?"

Nikaanza kumweleza habari za mwanga. Hakuwa na habari na mwanga. "Hii watu wataona nimekosa nauli. Watasema nimetupwa na watoto. Na huyu wa nyuma na kiatu chake!" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Unajua mfuko huu una mzigo wa shilingi ngapi?"

Sikujua. Ulikuwa umejaa vitenge, alikuwa ametoka navyo Kariakoo kufungua mzigo, na alinitajia bei yake. Shangazi kaja lile lilikuwa na thamani kuliko kamera yangu na lenzi yake. Viatu alivua kwa sababu vilikuwa vipya na vilimbana. Treni ile aliiacha ipite makusudi, akimsubiri binti yake atoke kazini waondoke pamoja. Kwa maneno mengine, kila kilichoipa fremu ya nne nguvu yake, nyayo, vumbi, andazi, ule upweke katikati ya umati, kilikuwa cha kweli, na habari iliyotokana nacho ilikuwa uongo. Nilikuwa nimempiga picha mfanyabiashara nikapata fukara.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Tunapojadili picha za kuvizia tunabishana kuhusu idhini: ameruhusu au hakuruhusu, eneo la umma au la mtu binafsi. Yule mama hakuligusa suala la ruhusa hata mara moja. Alilalamikia kutosalimiwa, kisha akalalamikia habari niliyombandika. Picha yenyewe, kwamba sura yake imo ndani ya mashine yangu, hakuona neno. Alikuwa anahesabu mbele: nani ataiona, kwenye grupu gani la WhatsApp, na ataambiwa nini. Naye alizijua njia za picha kunizidi mimi niliyezisomea.

Umati nao ulishajikusanya, maana Dar es Salaam hakuna jambo la watu wawili. Kijana mmoja akasema, "Mama, akupe hela, hao wanauza Ulaya." Mwingine akaitikia kwamba ndiyo, mpaka kwenye kadi zinauzwa. Rahisi kuwacheka, lakini wana historia nyuma yao hata kama hawaijui. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Gomes na Coutinho pale Zanzibar zilitoa kadi za posta kwa wingi, na kwenye kadi nyingi za zama hizo unakuta mwanamke amesimamishwa mbele ya pazia, na chini yake imeandikwa aina ya mtu badala ya jina lake. Kadi hizo zilikwenda Ulaya kweli. Bado zinauzwa kwenye minada ya vitu vya kale, na yule mwanamke bado hana jina.

Akaja mlinzi. Nimwelezee kwa haki: alikuwa mstaarabu, akasalimia wote, kisha akaniuliza kibali. Sikuwa nacho. Hapo sina la kujitetea hata kidogo. Stesheni ina mwenyewe, reli kwetu ni mali inayolindwa, na kamera ya lenzi ya kubadilisha ikionekana juu ya jukwaa ni lazima iulizwe hata kama simu mia moja zinarekodi pembeni yake. Wapiga picha huona hilo ni uonevu. Mimi naona ni jambo la kuandikia barua, na barua hiyo nimeshaiandika tangu hapo, nikajibiwa. Mlinzi alitaka nifute kila kitu na niondoke. Aliyemzuia ni yule mama.

"Muache, tunaelewana. We, hii ya miguu ifute. Hii ya mwisho nitumie."

Ya mwisho! Fremu ya sita, kanga kichwani, mgongo umenyooka, macho kwenye lenzi, mdomo umefungwa kama anasubiri pasipoti. Kwa mpiga picha wa mtaani hiyo ni picha iliyokufa: mtu ameshajua, mlango umefungwa. Nilifuta ya nne mbele yake, akaona kioo kikiuliza "una hakika?" na akaona nikibonyeza. Akanipa namba. Nikamtumia ya sita usiku uleule, na kesho yake asubuhi nikaona ameiweka kwenye wasifu wake. Ipo hadi leo.

Kisa kingeishia hapo kama kamera yangu isingekuwa na nafasi mbili za kadi za kumbukumbu.

Jumapili nilipokuwa nahamishia kazi kwenye kompyuta nikaikuta fremu ya nne imetulia kwenye kadi ya pili. Kadi ya kwanza huandika faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, ya pili huweka nakala ya akiba, na amri ya kufuta ilikuwa imegusa ile niliyokuwa naitazama tu. Hakuna aliyenidanganya na sikumdanganya mtu kwa kusudi. Lakini nilikuwa nimemwonyesha mama mtu mzima kitendo cha kufuta, akaamini, na kilichofutwa kilikuwa nusu.

Nilikaa nayo siku mbili. Niseme ukweli: niliipunguza pembeni, nikaigeuza nyeusi na nyeupe, nikaongeza weusi kidogo kwenye moshi wa umati. Ilizidi kuwa nzuri. Nikaanza kujisomea hoja, na hoja zipo tele, kwa sababu watu wakubwa kuliko mimi wameshapita njia hii.

Yupo Walker Evans, Mmarekani. Kati ya mwaka 1938 na 1941 alikuwa akipanda treni za chini ya ardhi New York na kamera ya Contax ameificha ndani ya koti. Sehemu zake zinazong'aa alizipaka rangi nyeusi, lenzi ikachungulia kati ya vifungo, na waya wa kufyatulia ukapita ndani ya mkono wa koti mpaka kiganjani. Rafiki yake Helen Levitt, naye mpiga picha, alikuwa akikaa pembeni yake ili ionekane ni abiria wawili wanasafiri tu. Akapiga zaidi ya picha 600. Abiria waliokaa mbele yake wanapiga miayo, wanasinzia, wamekodoa macho hewani, nyuso zisizomwigizia mtu. Kila anayetetea kuvizia humtaja Evans.

Wanachokitaja mara chache ni kwamba alizifungia. Kitabu chenye picha 89 kati ya hizo kilitoka mwaka 1966, miaka 25 baada ya fremu za mwisho. Moja ya sababu ilikuwa hao watu wenyewe. Alijua amewachukua bila wao kujua, akaacha muda upite, nguo zibadilike, mtoto akue, mzee afe. Waweza kusema ni ustaarabu, waweza kusema ni kukwepa kesi. Mimi naona ni kukubali kwamba picha ina wakati wake wa kuumiza, na wakati huo ni sasa, majirani wangali hai. Mama wangu wa vitenge hakuwa na miaka 25 ya kunipa, wala simu ya mtu yeyote siku hizi haina subira hiyo.

Wa pili ni Philip-Lorca diCorcia, mpiga picha Mmarekani pia, na huyu ndiye niliyemng'ang'ania zaidi siku zile mbili. Kati ya 1999 na 2001 alifunga taa za studio kwenye jukwaa la mafundi pale Times Square, New York, watu wakapita chini yake kama kawaida, naye akakaa mbali kiasi cha mita sita na lenzi ndefu. Mtu akikanyaga alama, taa zinawaka, picha inatoka kana kwamba ni ya mtakatifu kwenye mchoro wa kanisa. Alipiga maelfu, akachagua 17. Mmoja wa hao 17 alikuwa mzee wa Kiyahudi wa madhehebu ya Kihasidi, ndevu nyeupe, kofia nyeusi. Maonyesho yalikuwa Septemba 2001. Mzee aligundua mwaka 2005 kwamba uso wake umetundikwa ukutani na nakala zake zinauzwa dola 20,000 hadi 30,000 kila moja. Dini yake kwa namna aliyoishika inakataza sanamu za aina hiyo. Akashitaki.

Akashindwa. Februari 2006 hakimu wa New York alisema ile ni sanaa, na sheria ya jimbo, ya tangu 1903, inakataza kutumia sura ya mtu bila ridhaa kwa tangazo na biashara, sanaa haimo, hata kama inauzwa ghali. Alitambua kwamba mzee ameumia kiimani, akasema hiyo ni gharama ya kuishi katika jamii huru. Rufaa nayo mzee alipoteza mwaka 2007, mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikishikilia zaidi kwamba mwaka mmoja wa kufungua shauri ulihesabiwa tangu picha ilipotoka mara ya kwanza. Kwa hiyo muda wake ulikuwa umekwisha kabla hajajua kama kuna picha. Soma sentensi hiyo tena. Mtu aliyeviziwa alitakiwa alalamike ndani ya mwaka mmoja kuhusu jambo ambalo sifa yake kuu ni kwamba halijui.

Kisheria diCorcia alishinda, na picha zile ni nzuri mno, sitaki kumwongopea mtu. Nilijiambia: ikiwa yeye alishinda kwa mzee aliyekataa kwa imani, mimi ninashindwaje kwa miguu ya mama? Jibu la kwanza ni la kuchosha: siko New York. Kwetu ibara ya 16 ya Katiba inataja heshima na hifadhi ya maisha ya mtu binafsi, na ya 18 inataja uhuru wa maoni, zimekaa jirani kama wapangaji wasiosalimiana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na uso unaotambulika ni taarifa ya mtu kwa maana yoyote ya kawaida ya maneno hayo. Jirani zetu Kenya wametangulia kidogo. Sheria yao ya 2019 inatoa nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, lakini Septemba 2023 kamishna wao wa data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Klabu si msanii, ni kweli, ilikuwa inajitangaza. Lakini mpiga picha anayeweka fremu kwenye Instagram ili apate harusi za kupiga mwezi ujao, naye anafanya nini?

Jibu la pili ndilo lililonikata. DiCorcia hakumwahidi mzee yule chochote, hawakuwahi hata kusalimiana. Mimi nilikuwa nimechuchumaa. Nilikuwa nimebonyeza kitufe mbele ya macho yake. Kesi yangu haikuwa tena ya sanaa na faragha, ilikuwa ya mtu aliyesema nimefuta na hajafuta, na kwa hilo hakuna mahakama ya kumtegemea, ni mimi na yeye tu.

Jumanne jioni nikampigia. Nikamsalimia kwanza.

"Nilijua," akasema. "Vitu vya mitambo havifutikagi. Umemwonyesha nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Nitumie niione vizuri. Siku ile kioo chako kilikuwa kidogo."

Nikatuma. Dakika arobaini kimya. Kisha akapiga binti yake, yule aliyekuwa akisubiriwa langoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka huku amejizuia. Yeye aliipenda. Alisema mama yake ndivyo anavyokaa hasa, hata nyumbani, kavua viatu, ana andazi, anakodolea mlango watu wakichelewa. Alisema ile nyingine ya kanga kichwani ni ya mama wa vikoba, wala si ya mama yake. Nikasikia nyuma yake: "Anayekaa ni nani? Si mimi?" Wakabishana kidogo, simu ikiwa wazi. Binti akauliza picha kama hiyo inauzwa kiasi gani, nikamwambia sijawahi kuuza hata moja, akaonekana kunihurumia. Mwisho simu ikarudi kwa mama.

"Ifute, mwanangu. Kote."

Binti alikuwa sahihi kuhusu picha, bado naamini hivyo. Kwa aliyemjua, fremu ya nne ilikuwa ni mama huyo kabisa. Lakini picha ya mtaani haiendi kwa wanaomjua mtu. Inakwenda kwa wageni, na mgeni akiona nyayo za vumbi pembeni ya kiatu kinachong'aa anajua hadithi gani ya kusimulia, kwa sababu ameshasimuliwa mara elfu. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyoisoma nilipofyatua. Hata kijana wa suti nilimpa utajiri ambao sina ushahidi nao, huenda suti ni ya kuazima na alikuwa anatoka kwenye usaili aliokosa. Niliwapanga wawili wale katika fremu kama mtu anayepanga sahani, fukara huku, mwenye nacho kule.

Ipo picha nyingine maarufu ya stesheni, ya Henri Cartier-Bresson, nyuma ya Saint-Lazare jijini Paris, mwaka 1932: mtu anaruka dimbwi la maji, kisigino kimebaki nukta moja tu kabla ya kugusa. Mtu yule ni kivuli, uso hauonekani. Miaka zaidi ya 90 watu wameitazama na hakuna aliyemdhania jambo baya, anaruka tu. Siku hizi nikiwa stesheni mara nyingi napima mwanga kwenye anga ili watu watoke weusi, na napata picha nzuri. Si kali kama ile.

Kufuta kwenyewe kulinichukua muda kuliko nilivyofikiri. Ukifuta faili kwenye kadi, kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha, data yenyewe inabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu ya kufufua picha anaweza kuipata mtu yeyote. Nilifomati kadi zote mbili, nikafuta nakala ya kompyuta na ile ya kwenye simu niliyomtumia, kisha nikaiweka kamera mezani nikarekodi feni ya sebuleni mpaka kadi ya kwanza ikajaa, nikarudia kwa ya pili. Karibu saa tatu za feni. Mke wangu alipita mara mbili bila kuuliza.

Wiki iliyofuata nikamwomba jambo moja: niruhusiwe kuieleza fremu ile kwa maneno, bila jina lake, bila jina la stesheni. Akasema nimsomee kwanza. Nikamsomea kwenye simu ile aya iliyoko mwanzo wa maandishi haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali vumbi, akaukubali hata mpasuko wa kisigino. Alinirekebisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba ameketi chini.

"Sikukaa chini," akasema. "Nilikaa juu ya mfuko wangu."